Maziwa Nayo Yana Mizani Yake

Limezuka neno geni katika baraza zetu za Mwambao, nalo ni "kalori". Zamani ukiketi barazani baada ya sala ya Alasiri ulisikia habari za bei ya samaki, za misiba na za arusi. Siku hizi utamsikia mtu mzima, mwenye kanzu na kofia yake ya viua, akimwuliza mwenzake hamri moja ina kalori ngapi. Mimi siwacheki. Ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu vimeingia nyumba hata nyumba, na aliyeambiwa na daktari apunguze mwili hana budi kukijua akilacho.

Lakini katika hesabu hizi naona jambo moja linakwenda kombo, nalo ni maziwa. Watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale wayafanyao maziwa kuwa kinywaji tu, ndugu yake maji. Mtu hujinyima wali, akajinyima na mkate, kisha njaa ikimwuma akashushia bilauri mbili za maziwa, na ya tatu usiku kabla ya kulala. Halafu hushangaa mizani ya zahanati haishuki. Kundi la pili ni la wale walioyapiga maziwa marufuku, ati yananenepesha. Hao njaa ya alasiri ikiwajia hunywa sturungi yenye vijiko vinne vya sukari, na kaimati pembeni. Nasema makundi yote mawili yamepotea njia, na upotevu wao ni mmoja: hawakuyapa maziwa jina lake. Maziwa ni chakula.

Neno hili si langu. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tulifunzwa kwamba katika Sura ya An-Nahl, aya ya 66, Mwenyezi Mungu ameyataja maziwa kuwa ni mazingatio na neema kwa wanywao. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alifunza dua ya chakula mbali na dua ya maziwa mbali, na akaeleza kwamba hakuna kitu kisimamacho mahali pa chakula na kinywaji kwa pamoja isipokuwa maziwa. Tena katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alikunywa maziwa kisha akasukutua kinywa, akasema kuwa yana mafuta. Mwenye kuzingatia na azingatie. Mafuta hayo ndiyo hayo tunayoyahesabu leo.

Na tuyahesabu basi. Kalori ya vyakula ni kipimo cha joto: ni joto litoshalo kuipasha kilo moja ya maji kwa digrii moja. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Gramu moja ya sukari, au ya wanga, au ya protini, hutoa kalori 4. Sasa twaa kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa malai. Ndani yake mna kama gramu 8 za protini, gramu 8 za mafuta na gramu 12 za sukari yake ya asili. Zidisha na ujumlishe: 32, na 72, na 48. Ni kalori 152. Maziwa yaliyoondolewa malai yote hubaki na protini ile ile, na madini ya mifupa yale yale, lakini kalori zake ni 80 na kitu, kwa kuwa mafuta ndiyo yaliyotoka.

Yule bwana wa bilauri tatu sasa tumemwona. Ikiwa daktari amempangia kalori 1,500 kwa siku, basi maziwa peke yake, aliyodhani ni maji, yamekula karibu theluthi ya riziki yake ya kutwa. Haba na haba hujaza kibaba, na bilauri si haba.

Lakini na tumgeukie na yule wa sturungi. Kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4, yaani kalori 16. Vijiko vinne ni kalori 64, na njaa iko pale pale. Soda ya chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari inayopita gramu 30, sawa na vijiko vinane hivi, na kalori zake hazipungui 120. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isifike sehemu ya kumi ya kalori za kutwa, na kwamba heri zaidi ishuke hata nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, vijiko sita. Mtu wa vikombe viwili vya sturungi hiyo amekwisha kuvuka mpaka kabla ya Magharibi. Sukari iliyomo katika maziwa matupu haimo katika katazo hilo. Ama kaimati, hamri na bhajia, vyote hivyo hupita katika karai, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Kwa hivyo mwenye kuyakimbia maziwa akaenda kwa kaimati ameruka majivu akakanyaga moto.

Tena kuna tofauti ya kushiba. Maziwa yakifika tumboni, sehemu kubwa ya protini yake huganda mfano wa mtindi, ikatoka polepole. Soda hupita upesi, na baada ya muda mchache mtu anatafuta tena cha kutia kinywani. Na sisi tuliopita miaka hamsini tuna jambo la kuliogopa zaidi: mtu mzima akijinyima chakula ovyo, hupungua mafuta na hupungua na misuli pamoja. Ndipo unamwona mtu amekonda, lakini kuinuka katika mkeka anataka mkono wa mjukuu. Protini, na mwendo wa miguu, ndizo zinazoilinda misuli hiyo.

Wapo watakaosema kwamba maziwa ni ya watoto. Waliosoma shule za msingi baada ya mwaka 1979 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, na pengine ndiyo sababu wanadhani walikwisha kuyamaliza darasani. La hasha. Mifupa ya mzee inayataka madini hayo kama ya mtoto.

Wapo pia watakaosema kwamba kuhesabu chakula ni uzungu. Hao nawauliza: kibaba na pishi vililetwa na nani? Kila mwisho wa Ramadhani tunatoa zakatul-fitri kwa kipimo cha pishi, vibaba vinne, wala hapana aonaye haya kupima. Na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Basi utaijuaje israfu usipokuwa na kipimo?

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na kazi yangu ni kuhesabu. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Ukipenda kutia neno moja zuri lenye mizani tatu, sharti utoe mizani tatu mahali pengine, ama shairi litakuwa guni. Neno lenyewe huwa halina lawama. Lawama ni ya mtunzi aliyetia asitoe. Maziwa nayo ni hivyo. Kikombe kikiingia, kitu kingine na kitoke.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Mwenye kuangalia mwili wake na ayafanye maziwa kuwa chakula cha katikati, baina ya cha mchana na cha jioni, saa ile roho inapoanza kutamani karai. Kikombe kimoja, kilichopimwa, bila sukari. Yachemshwe, na anayetaka harufu na atie iliki au tangawizi. Aketi, apige bismillahi, ayanywe taratibu kama alaye, kisha asiongeze kitafunio juu yake. Na maziwa aliyotia katika chai ya asubuhi ayahesabu pia.

Mwenye kuvurugwa tumbo na maziwa mabichi asijilazimishe. Waafrika wengi tukishakuwa wakubwa matumbo yetu huishiwa na nguvu ya kuivunja ile sukari ya maziwa. Huyo na ajaribu mtindi usio sukari, kwani vijidudu vya mtindi vimekwisha kumfanyia sehemu ya kazi. Mwenye ugonjwa wa sukari anayekunywa dawa, na mwenye maradhi ya figo, na wamuulize daktari wao kwanza. Na watoto wa chini ya miaka miwili wasipewe maziwa yaliyoondolewa malai: wao mafuta hayo wanayahitaji.

Wala tusidanganyane kwa majina. Faluda imo maziwa, lakini imo sukari na vikorombwezo vingi, nayo ni tamutamu ya sikukuu. Maziwa ya pakiti yenye rangi na ladha ya tunda yametiwa sukari, soma ubavuni. Ama tui la nazi, japo ni jeupe na sisi Waswahili hatupiki bila hilo, ni mafuta kuliko kitu kingine, wala halina protini ya kulifananisha na maziwa.

Mwezi wa Ramadhani hutuonyesha jambo hili wazi. Tunafungua kwa tende tatu na kikombe cha maziwa, na mwili unatulia kabisa. Mtu akisimama hapo akaenda kuswali Magharibi, hurudi na njaa ya kiasi. Lakini wengi wetu tende na maziwa tunayafanya utangulizi, kisha tunaivamia sinia kana kwamba hatujatia kitu tumboni. Kisha Shawwal ikiingia, kanzu za Idi zinabana, na lawama anatupiwa ng'ombe.

Ng'ombe hana hatia. Maziwa yake ni chakula kamili, na chakula huliwa kwa kiasi. Asiyeyahesabu na aanze kuyahesabu, na aliyeyatupa na ayarudishe, kikombe kimoja kwa siku, mahali pa kaimati na mahali pa soda.