Uzuri wa Kiwanda Usimsahau Kibarua

Mwaka 1912 mchoraji wa Marekani, Joseph Pennell, alikwenda Panama kuuwahi mfereji kabla haujajazwa maji. Alizikuta kuta za zege zenye kimo cha mita 25 hivi, kreni zilizotanda angani na treni zikitoa kifusi kwenye mtaro wa Culebra. Michoro yake ikahamishiwa kwenye mawe ya litografia, ikachapwa.

Pennell aliamini kwamba viwanda, machimbo na madaraja vina fahari sawa na ya makanisa makuu ya Ulaya. Alikuwa sahihi. Wino mweusi mzito wa chapa hubeba masizi, mvuke na chuma bila kuvirembesha.

Lakini watazame watu. Katika nyingi ya chapa hizo ni vitone tu chini ya kuta. Vitone hivyo ni vibarua, wengi wao Weusi kutoka Barbados, Jamaica na visiwa jirani. Kumbukumbu rasmi za ujenzi chini ya Wamarekani zinataja vifo zaidi ya 5,600. Anayeistaajabia zege bila kumwona aliyeimwaga ameona nusu ya picha.

Nusu ya pili ilichapwa Philadelphia, mji aliozaliwa Pennell. Mwaka 1937, katika karakana ya uchapaji iliyofadhiliwa na serikali, Dox Thrash, msanii Mweusi mzaliwa wa Georgia, na wenzake walichukua chenga za karborandamu, zile zinazotumika kusagia na kunolea chuma, wakazigeuza nyenzo ya sanaa. Bamba la shaba husuguliwa kwa chenga hizo hadi likwaruzike lote. Likipakwa wino hapo, hutoa weusi mtupu. Kisha msanii hukwangua na kulainisha, sehemu kwa sehemu. Palipolainika wino haushiki, na mwanga hujitokeza.

Kwa njia hiyo, karibu mwaka 1941, Thrash alichapa "Defense Worker". Humo mfanyakazi si kitone tena. Ndiye anayeitawala picha.

Maktaba ya Bunge la Marekani ina hazina kubwa ya kazi za Pennell, na Philadelphia inazo za Thrash. Wanaoandaa maonyesho ya sanaa ya viwanda wazitundike kwenye ukuta mmoja, na chini ya kila chapa ya Panama waandike vibarua walitoka wapi na wangapi walikufa.