Wacheni kuambia watu wavumilie plasta

Ukinunua nyama ya ng'ombe kwa bucha, kuna ule utando mweupe unashinda kisu. Unauvuta, haunyooki. Unautafuna hadi taya linachoka. Sasa huo uko ndani ya mguu wako pia. Unaitwa fashia, umeundwa na kolajeni, na kazi yake ni kufunga misuli kwa makundi. Kati ya goti na kifundo cha mguu kuna vyumba 4 vya hivyo, kila kimoja na misuli yake.

Shida ni kwamba fashia haitanuki. Ukivunjika, misuli ikivimba ama damu ikivujia humo ndani, presha inapanda na haina pa kutokea. Ikizidi, damu haifikii misuli. Masaa kama 6 hivi yakiisha, misuli inaanza kufa, na ikishakufa hairudi.

Sikujua haya yote mwaka jana bro wangu akianguka na boda. Aliwekwa plasta, tukarudi keja. Usiku akaanza kulia, na si kulia kidogo. Ukimnyoosha vidole vya mguu anapiga nduru. Mimi mjuaji, hata campus niliacha, nikamwambia, "Vumilia buda, huo ni mfupa umevunjika." Nikampea dawa ya maumivu, nikarudi kuediti video.

Asubuhi hosi walimpasua mguu pande zote mbili, ngozi pamoja na fashia, ukaachwa wazi siku kadhaa ndio uvimbe upate nafasi. Mguu ulibaki. Lakini wayo hauinuki vizuri, unaburuta akitembea.

Ndio maana hii "vumilia" yetu inanikasirisha. Kijana akilia na mguu anaitwa mtoto, hata na mamake. Wasee, baada ya kuwekwa plasta uchungu unafaa kupungua. Ukizidi, dawa zikikataa kushika, vidole vikiingia ganzi, rudini hosi hiyo hiyo saa, hata kama ni saa nane usiku. Na msidanganyike eti vidole bado viko na joto ama mshipa unapiga. Hiyo inaweza kuwa sawa na ndani misuli inakufa. Kukata plasta ni dakika chache, na nyingine inawekwa.

Kama kuna mtu kwenu ako na plasta saa hii, muulize jana usiku alilala aje.