Kunakili si Kuzaa

Wako watu wanaosema: «Wenye elimu wamekwisha umba uhai ndani ya mashini.» Wengine wakisikia hayo hushangilia, wengine huogopa. Sisi twasema: wote wamekosa. Tutazame kwanza kazi yenyewe.

Profesa Thomas Ray wa Marekani alianza kwa kuchunguza mimea ya misitu ya Costa Rica. Mwaka 1990 akatunga programu ya kompyuta, akaiita Tierra. Kwa mkono wake aliandika «kiumbe» cha kwanza: amri 80 tu, zenye kujinakili. Akaruhusu makosa madogo katika kunakili. Akaweka pia kanuni ya kuua walio wazee na wenye kukosa mara nyingi, nafasi inapojaa. Kisha akaiacha mashini iendelee. Kumbe, vikatokea vinyonyaji vya amri 45, vyenye kuazima amri za jirani ili vijinakili! Halafu vikatokea vingine vyenye kinga juu ya vinyonyaji hivyo. Hakuna mtu aliyeviandika.

Basi, wanaoogopa waache hofu. Njia hii ya kubadili na kuchagua, aliyoieleza John Holland katika kitabu chake cha 1975, ina faida. Mwaka 2006 NASA ilirusha vyombo vitatu vyenye antena iliyopatikana kwa njia hiyo. Mkulima achaguaye mbegu bora hatashangaa sana.

Lakini Ray hakutaka kuita kazi yake mfano wa uhai. Aliiita uhai wenyewe. Hapo twakataa. Watajibu: «Kinajinakili, kinabadilika, kinashindana, mnataka nini tena?» Twataka mwili. Mti hula hewa, maji na mwanga, ukajijenga. Ukikatwa tawi, huponya kidonda. Ukikosa maji, mizizi huyatafuta. Cha Tierra hakili, hakijengi, hakiponi. Ni maandiko yanayonakili maandiko. Je, barua iliyonakiliwa mara elfu imezaa watoto elfu?

Tena jina hilo lina hatari. Ray mwenyewe alitaka hifadhi mbili: moja ya msitu wa Costa Rica, moja ya viumbe vya kompyuta. Twamsifu kwa ile ya kwanza. Lakini zisipewe heshima moja! Ya mashini ikipotea leo, kesho utaiandika tena kutoka nakala. Msitu ukifyekwa, nakala yake iko wapi?

Ndugu wasomaji, mashini tuitumie kwa akili. Neno uhai tuliwekee wenye uhai.