Tutafute msimamizi mbele ya bursi

Wenzetu wanaomaliza masta wanauliza swali moja: bursi ya Ujerumani inapatikana wapi? Naona swali hilo linaanzia mkiani.

Kule njia za udaktari ni mbili. Kuna programu zenye masomo ya pamoja, kama BIGSAS ya Bayreuth inayohusu Afrika. Ama unajipatia profesa anayekubali kukusimamia. Wajerumani humwita Doktorvater, baba wa daktari, na akiwa mwanamke, Doktormutter. Vyuo vikuu vya serikali, karibu vyote, havidai ada ya masomo ya udaktari. Shida ni pesa ya kuishi, na hapo ndipo inaingia DAAD, shirika linalotoa bursi. Lakini nalo litakuuliza: profesa gani amekukubali?

Basi tuanze na kile tulicho nacho. Bayreuth, Leipzig, Köln, Hamburg, kote kuna wasomi wa Kiswahili. Sisi tunakiishi kile cha Lubumbashi na Bukavu, chenye "beko" na "njo" zake, ambacho wengine huita kibovu. Hicho ni kiwanja kizima cha utafiti! Andika kurasa mbili, umpelekee profesa ambaye umesoma kazi zake, siyo barua ileile kwa watu hamsini.

Jambo la mwisho linahusu ofisi zetu. Kwa kawaida DAAD haipendi shahada yako ya mwisho ipite miaka 6. Diploma ikingoja sahihi mezani, miaka hiyo inahesabiwa. Tunaomba karatasi za pointi zitoke mwezi uleule wa deliberasio.