Treni Haina Mpiga Debe: Abiria Naye Ana Deni

Treni ikichelewa katika nchi yetu, mshtakiwa huwa mmoja tu. Shirika la Reli Tanzania huitwa kizimbani, husomewa mashtaka na hukutwa na hatia kabla treni yenyewe haijafika stesheni. Sina nia ya kulitetea shirika hilo. Lina wasemaji wake na linawalipa. Nia yangu leo ni kumwita mshtakiwa wa pili, ambaye hajawahi kuitwa kwa sababu yeye ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi na ndiye hakimu. Mshtakiwa huyo ni abiria.

Naomba nieleweke mapema. Sababu kubwa za treni kuchelewa hazitokani na abiria. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliposomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, hakuna abiria aliyeyaita. Hitilafu ya umeme, uchovu wa kichwa cha treni na uhaba wa mabehewa ni mambo ya wenye dhamana, na wenye dhamana hawana budi kuyajibu. Kiongozi anayejificha nyuma ya tabia za abiria ili asiulizwe kuhusu matengenezo ni mdanganyifu. Lakini tukishakubaliana hivyo, yanabaki makosa ambayo ni yetu wenyewe, nayo yana sifa moja ya ajabu: kuyaondoa hakuhitaji mkopo wa nje, mkandarasi wala bajeti. Yanahitaji adabu.

Chukueni mfano wa Misugusugu, kata ya Mji wa Kibaha iliyokaa kandokando ya Barabara ya Morogoro, jirani na Visiga, kabla hujafika Mlandizi. Misugusugu haina stesheni ya treni. Mkazi wake anayetaka kusafiri kwa reli huenda Soga au Ruvu, upande wa kusini wa barabara kuu. Anakwenda huko akiwa amekwisha kulelewa na shule nyingine, nayo ni shule ya barabara. Barabarani, mtu huinua mkono na gari husimama. Konda hushuka kupakia gunia la mkaa au tenga la kuku. Mpiga debe hupaza sauti kwamba kuna mtu anakuja, na dereva humngoja mtu huyo anayeonekana kwa mbali akitembea pasipo haraka yoyote, kwa kuwa anajua anangojwa. Katika shule hii abiria hujifunza somo moja kubwa, kwamba chombo cha usafiri kipo chini ya uwezo wa sauti yake. Anayeweza kupiga kelele, kubembeleza au kutoa ahadi, husubiriwa.

Sasa mchukue mwanafunzi huyo wa barabara umpeleke kwenye reli ya kisasa. Jiwe la msingi la reli hiyo liliwekwa tarehe 12 Aprili 2017. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, na za Dodoma zikafuata tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Treni zake zimesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, kuisimamisha kunahitaji umbali unaopita kilomita moja. Treni za kawaida husimama kwenye stesheni ndogo kama Soga na Ruvu kwa dakika chache tu. Treni za haraka hupita bila kusimama. Hapa hakuna mpiga debe wala wa kubembelezwa. Kuna ratiba.

Na ratiba hiyo tunaiharibu kwa njia ambazo kila mmoja wetu amezishuhudia. Msafiri mmoja husindikizwa na watu sita, na wanne kati yao wangependa kuingia naye ndani ya behewa wamwekee mizigo na kumalizia maagano. Anayepanda hujazana mlangoni kabla anayeshuka hajashuka, kama tunavyoona kwenye vituo vya mwendokasi Kimara jioni, hadi wote wawili wanakwama na hakuna anayefaidika. Mwenye tiketi ya behewa la nyuma hupanda la mbele kwa kuwa ndilo lililo karibu, kisha huanza safari ya kupita kati ya watu akiwa na masanduku matatu. Mwingine hukalia kiti kisicho chake na kumjibu mwenye kiti kwamba kiti ni kiti. Anayeshukia Soga hukumbuka kwamba anashukia Soga milango inapokaribia kufungwa. Katika treni za reli ya zamani tumeona watu wakiteremka katikati ya safari kununua chakula, maana nani asiyewajua kuku wa Saranda, kisha wakatarajia treni nzima ingoje chenji yao.

Kila mmoja wa watu hawa atakwambia kwamba amechelewesha treni dakika moja tu. Hapo ndipo penye uongo, na uongo huo ni wa kihesabu. Tuchukulie treni ina abiria 600 na imecheleweshwa dakika 3 kwa sababu ya sanduku moja lililokwama mlangoni. Abiria hao wamepoteza kwa pamoja dakika 1,800, yaani saa 30. Hizo ni karibu siku nne za kazi za mtu mmoja, zilizochukuliwa kwa watu wasioombwa ruhusa. Mtu akiingia dukani akachukua shilingi kumi kumi kutoka kwa wateja 600, tungemwita mwizi. Anayechukua dakika tatu tatu tunamwita ndugu abiria.

Tena hesabu haiishii ndani ya treni hiyo. Reli yetu, ya zamani na ya kisasa, kwa sehemu kubwa ni ya njia moja. Treni mbili zinazokuja kutoka pande mbili hupishana mahali palipoandaliwa tu. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikichelewa kuondoka Soga, ile inayotoka Morogoro hulazimika kusimama kwenye njia ya kupishana ikiisubiri. Abiria wa treni hiyo ya pili hawajawahi kuliona sanduku lililokwama, lakini wanalilipia. Na tangu usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa ulipozinduliwa Kwala, Julai 2025, ndani ya Wilaya hii hii ya Kibaha, makontena nayo yameingia kwenye foleni hiyo. Katika reli ya njia moja hakuna uzembe wa mtu binafsi. Kila uzembe ni wa umma.

Nikizungumza haya na wanafunzi wangu, wapo wanaonijibu kwa kicheko kwamba hizo ni saa za Kiafrika. Jibu hilo hunikera kuliko treni yenyewe, kwa sababu ni tusi tunalojitukana kisha tukaliita utamaduni. Mkoa wa Pwani ni mahali pabaya sana pa kudai kwamba Mwafrika hajui wakati. Mvuvi wa Bagamoyo anayejua maji kujaa na maji kupwa hakufundishwa na saa ya mkononi. Nahodha wa jahazi alijua msimu wa kaskazi na msimu wa kusi, na aliyechelewa pepo alingoja miezi. Misafara ya wapagazi Wanyamwezi iliyotembea kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa iliongozwa na kirangozi, na kirangozi alipoashiria kuondoka, msafara uliondoka. Mpagazi aliyebaki nyuma alibaki na fisi. Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilikuta watu waliokuwa wakisafiri kwa nidhamu kwa vizazi vingi. Uzembe wa leo hatukuurithi kwa babu. Tumejitungia wenyewe, kisha tukamsingizia babu.

Sasa niwageukie watumishi wa umma, ambao najua ni wengi miongoni mwa wasomaji wangu. Kuna abiria wa aina moja asiyekimbia jukwaani akiwa na tenga la kuku. Yeye hupiga simu. Hulitaja jina lake na cheo chake, akaeleza kwamba yupo njiani na foleni imemkamata Ubungo, hivyo treni ingoje kidogo. Sisemi kwamba maombi ya namna hiyo hukubaliwa. Nasema kwamba kuyatoa tu ni aibu. Mama wa Misugusugu anayeomba asubiriwe ana kisingizio cha kutojua. Mwenye cheo hana. Amesoma, amesafiri, ameona ndege ikiondoka bila yeye na akanyamaza. Akidhani kwamba treni ya umma ni mali yake kwa kuwa yeye ni mtumishi wa umma, amekosea maana ya neno mtumishi.

Wapo pia wanaoichelewesha treni bila kuipanda kabisa. Anayechunga ng'ombe juu ya tuta la reli, anayekata uzio ili apate njia ya mkato na anayeiba nyaya ili aziuze kama chuma chakavu, wote hao ni washirika. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ipo, na vyombo vya dola vimewakamata watu kwa hujuma za miundombinu. Lakini polisi hawezi kusimama kila mita mia kutoka Pugu hadi Ruvu. Mlinzi wa kweli wa reli ni jirani wa reli, naye hulinda pale anapoamini kwamba kitu ni chake. Kijiji kinachojua nyaya zimehifadhiwa nyumba ya nani na kikanyamaza, kesho hakina haki ya kuuliza kwa nini treni imesimama porini.

Najua nitajibiwa kwamba ninamlaumu mnyonge. Hoja hii ni nzito na sitaikwepa. Mkazi wa Misugusugu hana treni ya kumfikia mlangoni. Anategemea bodaboda na barabara ya vumbi ambayo mvua za masika huibadilisha kuwa tope. Huenda maelezo ya tiketi yake yapo kwenye simu ambayo haina chaji. Hakuna aliyemfundisha kusoma namba ya behewa. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana wajibu hauwezi kuwa wa upande mmoja. Shirika lichore mistari jukwaani kuonyesha kila behewa litasimama wapi. Litangaze kwa sauti inayosikika, kabla ya stesheni na siyo baada yake, kwamba wanaoshuka wajiandae. Liweke wahudumu wa kuwasaidia wazee, wajawazito na wenye ulemavu, ambao kasi yao ndogo siyo utovu wa adabu na wasihesabiwe humu. Na zaidi ya yote, lichapishe kila mwezi orodha ya ucheleweshaji na chanzo cha kila tukio, na LATRA isimamie ukweli wake: dakika ngapi zilipotea kwa umeme, ngapi kwa kichwa cha treni, ngapi kwa abiria. Orodha hiyo ikiwekwa hadharani, shirika halitaweza kutusingizia, na sisi hatutaweza kujificha.

Mwezi Novemba mwaka 2017, kampuni ya treni ya Tsukuba Express nchini Japani iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Hapa kwetu habari hiyo ilisambazwa kama kichekesho. Mimi naiona kama mkataba. Kampuni inaweza kuomba radhi kwa sekunde 20 kwa sababu abiria wake naye anaziheshimu sekunde hizo. Anasimama kwenye mstari, anawapisha wanaoshuka, anapanda. Heshima ya upande mmoja haidumu. Abiria anayeidharau ratiba humfundisha mwenye treni kuidharau pia, na baada ya miaka michache pande zote mbili huwa zimekubaliana kimyakimya kwamba saa nne maana yake ni saa tano.

Na atakayeumia kwanza si mkazi wa Masaki. Fikirini kama mpangaji wa ratiba. Una treni inayopoteza dakika kwenye stesheni ndogo kila siku, na wafanyabiashara wa Dodoma wanalalamika. Njia rahisi kuliko zote ni kupunguza treni zinazosimama kwenye stesheni hizo, na treni za haraka tayari zimeonyesha kwamba kupita bila kusimama kunawezekana. Siku uamuzi huo utakapofanywa, mwenye gari lake atateremka nalo Barabara ya Morogoro kama kawaida. Mwanafunzi wa Soga, mgonjwa mwenye miadi Muhimbili na mama muuza mboga ndio watakaobaki jukwaani wakipungia mkono treni inayopita kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuisimamisha.

Kwa hiyo wanaharakati wanaodai huduma bora waendelee kudai, nami nitadai pamoja nao. Lakini madai yana nguvu pale mdai anapokuwa hana deni. Tufike mapema. Tuagane nje ya lango. Tuwapishe wanaoshuka. Tukae kwenye kiti kilichoandikwa. Tusimame mlangoni kabla ya stesheni yetu. Tukishafanya hayo na treni bado ikachelewa, tutakuwa na haki ya kuuliza swali moja kwa sauti kubwa, na hakutakuwa na mtu wa kutujibu kwamba chanzo ni sisi.