Soksi za Samaki na Tiketi za Moshi

Mwezi huu nakupa kisa cha nyumbani kwangu, na naomba usicheke mapema. Kuna ndoa zinazogombana kwa sababu ya mawifi, nyingine kwa sababu ya simu. Ya kwangu nusura iyumbe kwa sababu ya kinyesi cha samaki. Ndiyo, umesoma vizuri.

Mimi na mume wangu tuliishi Dubai kuanzia 2021 hadi 2024, yeye akiwa na mkataba wa kazi huko. Maduka ya samaki wa mapambo yapo, na mwenzangu akanogewa. Hakutaka wale samaki wa maji baridi wa kuweka kwenye bakuli. Alitaka tangi la matumbawe: lita 400 za maji ya chumvi, taa zake maalumu, matumbawe hai yaliyooteshwa na wafugaji, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale waliopata umaarufu kwenye filamu ya Finding Nemo mwaka 2003. Kusema ukweli lilipendeza. Wageni wakifika walikuwa wanasahau hata kutusalimia.

Shida ilikuwa chini, ndani ya kabati. Huko kulikuwa na tangi la pili, dogo, ambalo maji ya juu yalishukia ili yasafishwe kabla ya pampu kuyarudisha. Yakishuka yalipita kwenye mfuko wa kitambaa wanaouita soksi. Soksi inakamata kinyesi na mabaki ya chakula, na baada ya siku tatu hivi inaziba. Hapo lazima uitoe, uigeuze ndani nje, uifue kwa maji ya moto bila sabuni, uianike. Mwenzangu alikuwa anasafiri kikazi karibu kila wiki. Sasa nani alibaki na soksi? Mimi hapa, mwenye digrii yangu.

Mwanzoni nilifua kwa mapenzi. Baadaye nikafua huku nanuna. Halafu, jamani, nikaacha. Sikumwambia. Akipiga simu kuuliza, "Soksi umebadilisha, mpenzi?" namjibu, "Tayari." Nilikuwa nafua moja siku ya kuamkia kurudi kwake, basi. Moyoni nilikuwa najisemea: mtu anauliza habari za samaki kabla ya kuuliza nimelalaje!

Uzuri wa uongo wangu ni kwamba haukuonekana. Soksi ikiziba maji hayamwagiki sakafuni, yanapita tu juu ya ukingo wake na uchafu unaendelea na safari. Ule ulionaswa nao unaoza pale pale. Ukioza unatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Hakuna samaki anayekufa siku hiyo. Wiki zinapita, nitrati inapanda taratibu. Siku moja unaona mwani wa kijani kwenye mawe, halafu matumbawe yanapoteza rangi na kuwa ya kahawia, kwa sababu vimwani vidogo vinavyoishi ndani yake vimepata chakula kupita kiasi na kuzaliana.

Ilipofika Oktoba 2022 mwenzangu akapima maji. Nitrati ilikuwa miligramu 50 kwa lita, wakati yeye alizoea kuiona chini ya 10. Hakuniuliza kitu. Wiki iliyofuata likaja boksi.

Ndani kulikuwa na mashine ya kuchuja yenye jora la kitambaa cheupe, laini kama kile cha kufungia kidonda. Inavyofanya kazi ni rahisi mno. Maji yanapita kwenye kipande cha kitambaa. Kikianza kuziba, maji nyuma yake yanapanda na kuinua boya dogo. Boya likiinuka linawasha mota, mota inavuta kitambaa sentimita chache, kipande safi kinaingia kazini, na kile kichafu kinajiviringisha upande wa pili na kutoka kwenye maji. Kinyesi cha asubuhi kinaweza kuwa nje kabla hakijaoza. Hakuna kufua, hakuna kunusa.

Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaingia kwenye akaunti yetu kukata tiketi za Desemba. Wenzangu wa Kilimanjaro mnanielewa, Krismasi bila Moshi si Krismasi, na mama alikuwa ameshaanza kuhesabu siku. Pesa ya tiketi ilikuwa imepungua. Nadhani umeshajua ilikokwenda.

Sitakuandikia yote tuliyosema usiku ule, mengine hayaandikiki kwenye gazeti la heshima. Nilimwambia niliolewa na mwanaume, sikuolewa na tangi. Yeye akasema, kwa sauti ya chini ambayo iliniumiza kuliko kelele, "Nilijua hubadilishi soksi. Tangu Agosti nilijua. Niliona bora ninunue mashine kuliko kukuita mwongo."

Nikakaa kimya. Miezi miwili mtu anajua namdanganya, ananiangalia, ananiitikia! Na mimi miezi miwili namchukia kwa kazi ambayo sikuwahi hata siku moja kumwambia inanichosha. Yeye naye pesa ya mama yangu aliitumia kimya kimya, eti asinikwaze.

Krismasi ile hatukwenda. Nilimpigia mama, akasema, "Hamna shida, mwanangu," kwa ile sauti ya mama ambayo unajua kabisa shida ipo.

Basi, tukarudi kwa samaki. Mashine ilifanya kazi kama ilivyoahidi, soksi nikazitupa kwa sherehe. Lakini baada ya wiki mbili mwenzangu akapima tena, na nitrati ilikuwa imeshuka kidogo sana. Nikamuuliza, si kila uchafu unatoka? Akaniambia jambo ambalo mpaka leo nalibeba. Kitambaa kinakamata kile ambacho bado ni kigumu. Kilichokwisha kuoza na kuyeyuka kinapita humo kama chumvi. Hicho unaweza kukitoa kwa kubadilisha maji, na ukibadilisha asilimia 10 ya maji unaondoa asilimia 10 tu ya nitrati. Ilituchukua zaidi ya miezi mitatu, lita 40 kila wiki, ndoo kwa ndoo, kufika tulikotaka.

Safari hii tulizibeba ndoo wote wawili. Na katika kubeba ndoo tukaanza kuongea. Neno la kwanza lilikuwa pole. La pili lilikuwa pesa. Mengine yalitoka kidogo kidogo, asilimia 10 kila wiki, kama maji.

Mpenzi msomaji, wengi wetu tunadhani ugomvi ndio unaovunja nyumba. Mimi naogopa zaidi kile kidogo tulichokiacha kikazama: "nimechoka na kazi hii", "mbona hukuniuliza", "nilijua unanidanganya". Siku ya kwanza ni kipande kigumu, unakishika kwa vidole viwili na kukitupa. Ukikiacha miezi miwili kinayeyuka, na hapo hata mkinunua zawadi au mkaenda mapumziko Zanzibar, hamtakiona pa kukishikia. Kitatoka, ndiyo, lakini kwa ndoo.

Kwa wale wanaofuga matumbawe, au ambao wenza wao wameanza kutazama picha za matangi usiku wa manane, nina machache ya kuwaachia.

Kwanza, mashine haimfukuzi binadamu. Jora linaisha. Letu lilidumu mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, kutegemea tulivyolisha samaki. Likiisha bila mtu kujua, mmerudi kwenye soksi iliyoziba. Jora jipya liwepo kabatini, na bei yake iwe kwenye bajeti ya nyumba.

Pili, usafi una kipimo. Matumbawe yanahitaji nitrati na fosfati kidogo ili yaishi. Mashine inaweza kusafisha mpaka yakapauka kwa njaa, hasa kama samaki ni wachache. Yetu yalianza kupauka mwaka uliofuata, ikabidi tuongeze chakula cha samaki. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mtu anayeokota kila kosa la mwenzake, hadi mswaki uliogeukia upande usiofaa, naye anaua.

Tatu, na hili ndilo la moyoni: kabla hujanunua kifaa cha kumpunguzia mwenzako kazi, muulize kazi gani inamchosha. Kama mume wangu angeniuliza Agosti, ningelia kidogo, ningemwambia, na mashine tungeinunua wote Januari, tukishatoka Moshi. Na kama mimi ningesema Juni, asingekuwa na cha kugundua Agosti.

Mkataba ulipoisha 2024 tangi tuliliuza lote, pamoja na mashine yake, kwa kijana mmoja na mchumba wake. Walipokuja kulichukua nilimvuta yule dada pembeni nikamwonyesha jinsi ya kubadilisha jora. Nikamwambia pia kwamba asikubali kuwa yeye peke yake anayejua.

Sasa tuko Dar, hatuna hata samaki mmoja. Ila Alhamisi jioni tumeibakiza. Tunakaa barazani, chai mkononi, kila mmoja anasema kitu kimoja kilichomkera wiki hiyo. Kimoja tu, tena kikiwa bado kidogo. Wiki iliyopita yangu ilikuwa taulo kitandani. Yake ilikuwa kwamba nawaandika kwenye gazeti bila kumuuliza.

Hiki nimemuuliza. Amekubali, mradi niseme kwamba mama alipotuona Pasaka iliyofuata, wa kwanza kukumbatiwa alikuwa yeye.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.