Bomba likipita Hanang, vijiji viwe na hati mkononi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu juu ya bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda, ambalo katika safari yake ya kwenda Tanga linapita pia katika wilaya yetu ya Hanang. Mimi ni mkulima na mfugaji wa hapa Katesh, na sina uadui wowote na bomba. Nchi yetu ilikwisha kufanya kazi kama hiyo mwaka 1968, pale bomba la TAZAMA, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,700, lilipofunguliwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola ili ndugu zetu wa Zambia wasinyongwe na walowezi wa Rhodesia. Kumpitishia jirani mafuta yake si jambo geni kwetu. Lakini yako maneno yanayosemwa vilabuni na minadani ambayo yafaa yanyoshwe, na liko jambo la ardhi ambalo sisi wa Hanang na Mbulu hatuna budi kulisema mapema.

Kwanza, mafuta hayo si yetu. Yaligunduliwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert. Bomba linaanzia Kabaale, wilayani Hoima, na kuishia Chongoleani, Tanga, mwendo wa kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Huko Chongoleani yatapakiwa katika meli na kwenda zake. Basi anayengoja petroli ishuke bei Katesh kwa sababu ya bomba hili anajidanganya. Yapitayo humo si petroli. Ni mafuta ghafi yenye nta, na sisi wafugaji tunaweza kuyaelewa upesi kuliko watu wa mjini: mafuta ya ng'ombe yakiachwa sufuriani usiku mmoja hapa chini ya mlima Hanang, asubuhi unayakata kwa kisu. Ndivyo yalivyo hayo. Ndiyo maana bomba limevikwa koti la kuhifadhi joto, na litapashwa moto kwa umeme hadi pwani.

Pili, fedha. Kampuni ya bomba ina wenye hisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, TPDC yetu asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Nauli ya pipa moja iliwekwa kuwa dola 12.77, na bomba linaweza kupitisha mapipa 246,000 kwa siku. Ukizidisha unapata zaidi ya dola milioni 3 kila siku, na hesabu hiyo ndiyo inayowatia watu ndoto. Lakini nauli ni ya kampuni, nayo ina mikopo ya kulipa na gharama za uendeshaji kabla mtu hajaona gawio. Fungu la taifa letu litatoka katika zile asilimia 15 na katika kodi. Si haba, ila wananchi waelezwe hivyo hivyo, bila kupambiwa. Tuliona Mtwara mwaka 2013. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na watu wa kule wakakaa nayo miaka yote hiyo wakisikia ahadi. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipoanza kujengwa kabla ya maelezo ya kuwaridhisha, kukazuka ghasia, mali ikateketea na watu wakapoteza maisha.

Sasa nije kwenye ardhi. Uthamini wa mali za watu katika njia ya bomba ulianza mwaka 2018. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitolewa Februari 2022, na sehemu nyingi za njia fidia ilianza kulipwa mwaka 2021 na kuendelea. Nyongeza kwa ajili ya kuchelewa iliwekwa, na hilo ni jema. Lakini mtu aliyeambiwa asijenge wala asipande mti, akakaa misimu mitatu akilitazama shamba lake kama la mgeni, hasara yake haimo yote katika nyongeza. Na bei ya mfuko wa saruji wa 2018 siyo ya 2022, kila mwenye nyumba anajua.

Watu wa Hanang tuna sababu ya kuwa wepesi wa kushtuka. Kuanzia miaka ya 1970 Shirika la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu kwa msaada wa Kanada, mashamba saba, ekari zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, sikatai. Lakini ile ilikuwa ardhi bora ya malisho ya Wabarabaig, na humo yalikuwamo makaburi ya wazee wao, yale ya vilima tunayoyaita bung'eda, na matrekta yakayapitia. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wa sehemu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Sababu zake ndizo ninazotaka vijana wa leo wazijue. Ilisemwa kwamba halmashauri ya kijiji haikuwa imegawiwa ile ardhi kwa utaratibu, na kwamba waliodai mmoja mmoja hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya wakati ule. Mtu ambaye babu yake amezikwa pale pale! Kumbe alichokosa ni karatasi.

Wenzetu wa Mbulu wanao mfano wa upande wa pili. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao wengi tulizoea kuwadharau kwa kuwa hawalimi wala hawafugi, mwaka 2011 walipata hatimiliki za kimila za pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Leo anayetaka kuingia kule lazima akae nao mezani. Wametutangulia, tukubali.

Nayasema haya kwa sababu ya Eyasi. TPDC imekuwa ikitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere kwa miaka kadhaa sasa, kwa kupima kwa ndege, kuchoronga visima vifupi na kupima mitetemo ya ardhi. Mbulu inapakana na ziwa hilo. Yakipatikana, safari hii yatakuwa mafuta yetu wenyewe, na mabomba mengine yatatafuta njia. Vijiji vya Mbulu na Hanang visingoje siku ya mthamini kufika ndipo vianze kuulizana mpaka uko wapi. Mipango ya matumizi ya ardhi ipimwe sasa, malisho ya pamoja yaandikiwe hati ya pamoja, na katika hati za familia jina la mke liwemo, maana fidia inayolipwa kwa jina la mume peke yake tunajua inavyoishia.

Kwa wakubwa wa Halmashauri yetu ya Hanang nina maombi mafupi. Ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji kilichopitiwa na bomba karatasi ya Kiswahili inayosema: ng'ombe wavuke wapi na lini, nini kinaruhusiwa kupandwa juu ya ule ukanda wa mita 30 na nini hakiruhusiwi, na mwananchi akiona udongo umelowa mafuta au umebomoka amkimbilie nani. Desemba 3, 2023 mlima wetu ulishusha tope alfajiri juu ya Katesh na kuua ndugu zetu. Ardhi ya huku huhama. Mwenye kulinda bomba hili usiku wa mvua atakuwa mchungaji aliye karibu nalo, kabla ya mhandisi kufika kutoka mbali, naye hadi leo anastahili kuambiwa namba ya kupiga.

Mkulima na Mfugaji,
Katesh, Hanang.